Anataja mpaka mia, lakini mwombe nne

Mzazi wa huku kwetu akitaka nijue kwamba mwanawe ana akili, humsimamisha mbele yangu na kumwambia, "Haya, mhesabie mwalimu." Mtoto anaweka mikono nyuma, anavuta pumzi na kuanza: moja, mbili, tatu, nne. Anapanda mpaka ishirini bila kusita. Kwenye thelathini na tisa anakwama kidogo, baba ananong'ona "arobaini", safari inaendelea. Akifika mia tunapiga makofi, na mimi napiga kwa moyo, maana si mchezo kukariri maneno mengi hivyo kwa mpangilio ukiwa na miaka mitano. Mzazi akishaondoka, namwita mtoto mezani, namsogezea bakuli la mbegu na kumwambia anipe nne. Wengi huchota kiganja kizima.

Sisemi hivi kumcheka mtu. Kukariri kuna kazi yake, kwa sababu asiyejua mpangilio wa namba hawezi kuhesabu chochote. Lakini kutaja namba ni jambo moja na kujua idadi ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili kuna njia ndefu ambayo tunapenda kuiruka. Nimefundisha darasa la awali na la kwanza wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, kwa miaka mingi, kwanza kwenye shule ya jirani na mashamba ya chai, baadaye huku juu kwenye baridi, upande wa Isyonje. Msimamo wangu ni kwamba mtoto wa miaka mitano aachwe akae na moja mpaka tano hadi azizoee, hata muhula ukiisha. Wapo walimu wenzangu wasionikubali. Mthibiti ubora mmoja, yaani mkaguzi wa shule, aliwahi kuniuliza, kwa utani wenye mwiba, kama nalipwa mshahara mzima kwa kufundisha namba tano.

Swali la "nipe" sikulibuni mimi. Mkufunzi mmoja alitueleza kwenye semina kwamba mtafiti Karen Wynn alilitumia huko Marekani, akachapisha matokeo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliona kwamba mtoto huanza kwa kuielewa moja peke yake. Ukimwomba moja anakupa moja, ukimwomba namba nyingine yoyote anakupa rundo. Inapita miezi ndipo anaielewa mbili, halafu miezi mingine tatu. Baada ya hapo, wengi wakiwa kwenye tatu au nne, kitu kinafunguka: mtoto anatambua kuhesabu kunafanyaje kazi, na kwa mkupuo mmoja anaweza kukupa tano, sita, hata nane. Na muda wote huo anaweza kuwa anakariri mpaka ishirini bila kosa.

Nilipoyasikia hayo niliwaona watoto wangu waziwazi. Yule anayekupa rundo ukimwomba tatu si mkaidi wala hajalala, yuko kwenye mbili. Tangu hapo, nyuma ya jalada la kila daftari naandika namba ndogo kwa penseli: 1, 2, 3. Hiyo si alama ya mtihani, ni mahali mtoto alipofika. Mwenye 2 simuulizi sita. Namkalisha kwenye tatu.

Nimtaje binti mmoja, mjukuu wa fundi baiskeli. Tatu alikuwa nayo barabara. Nikamwomba nne. Akaanza kuzihamisha mbegu kutoka kwenye bakuli, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, na asingeacha kama mbegu zisingeisha. Nikamuuliza, "Nimekuomba ngapi?" Akajibu, "Nne." "Na hizi ziko ngapi?" Hakujibu. Alirudi kwenye mbegu ya kwanza akaanza kuhesabu upya. Nikauliza tena, akahesabu tena. Kwake "ngapi" ilikuwa amri ya kuhesabu, kama ambavyo "simama" ni amri ya kusimama. Hakujua bado kwamba neno la mwisho alilotaja ndilo jibu.

Watafiti Rochel Gelman na C. R. Gallistel waliliandika hilo mwaka 1978, pamoja na kanuni nyingine ambazo sisi watu wazima tumezisahau kwa kuzizoea mno: kila kitu kitajwe mara moja tu, namba zifuate mpangilio uleule, ya mwisho ibebe jumla, na huwezi kukosea kwa kuanzia kulia au katikati. Mtu mzima haoni kwamba hapo kuna la kufundisha. Kaa na mtoto mmoja asubuhi moja utaona. Kidole kinakimbia kuliko ulimi, mbegu moja inapewa namba mbili, nyingine inarukwa, na mwisho anasema "kumi" kwa uhakika wa jaji.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni mtoto kuhamisha. Asiguse tu, aitoe mbegu hapa na kuiweka pale, ulimi ukisubiri mkono. Na akimaliza tunazungushia mkono rundo zima na kusema jumla: "Zote nne." Kuzungushia ndiko kulikomfungua binti wa fundi baiskeli. Siku alipozungusha mkono mwenyewe na kusema "zote nne" bila kurudi mwanzo, nilibadilisha namba kwenye jalada lake.

Kwa nini mbegu, tena mbegu za parachichi? Zamani nilitumia maharage, kablanketi zile nene zenye madoa, maana kila nyumba huku zipo. Lakini harage hupenda pua. Mwenye darasa la awali anajua ninachosema: mtoto yuko kimya kupita kawaida, jicho moja linatoa machozi, na safari ya zahanati imeiva. Mbegu ya parachichi haiingii popote. Parachichi Rungwe na Njombe ni za kumwaga, na mbegu hutupwa. Tunazianika juani mpaka ganda la nje litoke. Zinasinyaa, zingine zinapasuka vipande viwili, hapo tunapata mjadala mzuri wa kama hiyo sasa ni moja au mbili. Wengi husema mbili.

Sababu ya pili ni ya lugha. Nyumbani watoto wengi wanazungumza Kinyakyusa au Kisafwa, na Kiswahili wanakutana nacho hasa shuleni. Kwenye wimbo wa namba wanaimba "mbili, tatu, nne". Ukija na maharage unasema mawili, matatu, manne. Ukija na viti unasema viwili, vitatu, vinne. Watoto wawili, watatu, wanne. Halafu sita haibadiliki, saba haibadiliki, nane inabadilika. Kwa mtoto anayehangaika kujua nne ni kiasi gani, "nne", "manne", "vinne" na "wanne" zinaweza kuwa namba tofauti kabisa. Kwenye mbegu neno la wimbo na neno la jibu ni lilelile: mbegu mbili, mbegu tatu, mbegu nne. Wiki za mwanzo sigusi kitu kingine. Akishaishika idadi, ndipo naleta mawe na vijiti na vizibo vya soda, na anashika haraka kwamba manne na vinne ni ileile.

Sasa trei. Trei ya mayai, ile ya karatasi ngumu, ina matundu 30: safu sita za matundu matano. Ukiikata kwa kisu kila baada ya safu mbili unapata vipande vitatu, na kila kipande ni safu mbili za tano tano. Yaani kumi iliyokatwa katikati. Mbegu ya parachichi inakaa kwenye tundu lile kana kwamba lilitengenezwa kwa ajili yake. Sijawahi kuona kifaa cha kununuliwa kinachoishinda trei.

Sharti ni moja: tunajaza safu ya juu kwanza, kutoka kushoto. Tano ni safu ya juu kujaa, basi. Sita ni safu imejaa na moja chini. Saba ni safu na mbili. Baada ya muda mtoto haanzi tena "moja, mbili, tatu" akiona saba. Anaona safu, anaona mbili, anasema saba. Nikitaka kujua kama imeingia nacheza mchezo wa kanga. Nafunika trei, napanga chini ya kanga, nafunua kufumba na kufumbua, nafunika tena. "Mmeona ngapi?" Muda wa kuhesabu moja moja hakuna, kwa hiyo anayejibu sawasawa ameona idadi yenyewe. Darasa linapiga kelele mpaka mwalimu wa jirani anakuja kuchungulia. Swali la pili ndilo tamu: "Na matundu matupu?" Saba ziko ndani, matupu ni matatu. Nane, mawili. Watoto wanajua saba na tatu ni kumi kabla hatujaandika alama ya kujumlisha ubaoni, kwa sababu matundu matupu wameyaona kwa macho. Hata sufuri, ambayo hutusumbua sana kuieleza, inakuwa rahisi: trei ipo, mbegu hakuna.

Kitu kimoja kilinishangaza kwenye mchezo wa kanga. Wasichana kadhaa ambao kuandika kulikuwa kunawashinda walikuwa wa kwanza kujibu. Nilikuja kuwaona wakati wa mapumziko wakicheza mdako. Unarusha jiwe juu, kabla halijatua unakokota mawe kutoka shimoni. Likirushwa tena unayarudisha ukibakiza moja nje, mzunguko unaofuata mawili, halafu matatu. Jiwe likiwa hewani huna nafasi ya kuhesabu, lazima jicho lijue matatu ni yapi. Tangu siku hiyo, dakika za mwisho za kipindi, wavulana nao wanafundishwa mdako, wapende wasipende.

Juni na Julai tunabadilisha. Asubuhi ukungu umeshika, mikono iko ndani ya masweta, na ukimwambia mtoto aonyeshe vidole vinne anakutazama kwa huruma. Hapo tunahesabu makofi na kuruka. Vitu visivyoonekana ni vigumu zaidi, kofi likishapigwa halipo tena, lakini miili inapata joto, na hilo nalo ni somo.

Kwa wingi wa watoto sina muujiza. Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, waliandikishwa watoto wengi mpaka wengine wakakaa chini kwenye mlango. Mwalimu mmoja hawezi kumwita kila mtoto mezani. Ninachofanya ni kuwaweka wawili wawili, mmoja mnunuzi na mmoja muuzaji. Mnunuzi anasema "nipe tatu", muuzaji anatoa, mnunuzi anakagua. Watoto ni wakaguzi wakali kuliko mimi. Mimi napita na penseli yangu ya kwenye majalada.

Ninachokataa kwenye duka hilo ni fedha. Wengi hudhani fedha ndiyo njia ya haraka ya kufundisha hesabu, kwa kuwa mtoto anatumwa dukani. Lakini fedha inavunja kila tulichojenga. Sarafu moja ya 500 inazidi sarafu mbili za 200, na kwa mtoto aliyetoka tu kujifunza kwamba mbili ni nyingi kuliko moja, huo ni uchawi. Mpe achague, atachukua mbili na kuondoka amefurahi. Mtoto wa kutumwa dukani anaijua sarafu kwa sura yake na kwa kitu inachonunua. Ni elimu nzuri, ila si idadi. Fedha isubiri darasa la pili.

Kuna jaribio jingine ambalo walimu wengi tulifundishwa chuoni, la mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi. Panga safu mbili za vizibo, kila moja vitano, zikitazamana. Uliza kama ziko sawa, mtoto atasema sawa. Sasa itawanye safu moja iwe ndefu, uliza tena. Watoto wadogo wengi watasema ile ndefu ina vingi. Chuoni tuliambiwa ndiyo umri wao, hawawezi. Nimelifanya mara nyingi na kweli ndivyo wanavyojibu. Ila kwenye shule zetu mwalimu akirudia swali maana yake ni moja: umekosea, badilisha jibu. Kila mtoto anajua hilo tangu wiki ya kwanza. Nilifurahi kusikia kwamba miaka ya 1970 watafiti James McGarrigle na Margaret Donaldson walilitilia shaka jaribio hilo huko Scotland. Walileta mwanasesere mtundu aliyetoka na kuvuruga safu kana kwamba ni bahati mbaya, na watoto wengi zaidi wakasema idadi bado ni ileile. Mimi nina mwanasesere wa maganda ya mahindi, anaitwa Mtundu, na anafanya kazi hiyohiyo. Nilifikiria kumtumia kuku wa jirani ambaye huingia darasani apendavyo, lakini yeye, safu ikiwa ya mahindi, angeyala na jibu lingebadilika kweli.

Maji bado ni magumu. Mimina maji ya bakuli pana kwenye chupa nyembamba mbele ya macho yao, watasema kwenye chupa yameongezeka, Mtundu awepo asiwepo. Siwalaumu. Barabara ya Uyole kushuka Tukuyu nimeona wakubwa wakishindania gunia la viazi lililoshonewa kofia juu, lumbesa tunayoijua wote, huku Wakala wa Vipimo wakiipiga marufuku kila mwaka. Macho hupenda urefu. Kinachosaidia ni kopo moja dogo: pima bakuli kwa kopo, pima chupa kwa kopo, hesabu makopo. Mtoto anayezijua nne na tano vizuri anaona hapo kwamba hata maji yanaweza kuhesabiwa. Asiyezijua anacheza tu na maji, na sweta linalowa.

Babu mmoja, mkulima wa viazi, alikuja shuleni kunisema. Nilimwamkia, nikampa kiti, akaanza taratibu kama wazee wa huku wanavyoanza, kwa mvua na hali ya barabara. Kisha akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu anarudi nyumbani anasema wamecheza na mbegu za parachichi. Mtoto wa jirani yangu anasoma ile shule ya kulipia, anataja mpaka mia. Huyu wangu nikimuuliza anaishia ishirini, tena anaruka kumi na sita."

Nikamuuliza, "Babu, shambani mnakwenda naye?"

"Tunakwenda. Tukipanda mahindi yeye ndiye anayetupia mbegu."

"Anatupia ngapi kila shimo?"

"Tatu tatu."

"Hukosea?"

Mzee akafikiri. "Hakosei. Na hahesabu, anachota tu." Akanyamaza kidogo, halafu akacheka. "Ila kumi na sita bado anairuka."

"Kumi na sita nitamfundisha, babu."

"Ndaga," akasema, yaani asante, akaondoka, sijui kama nilimridhisha. Ila mwaka huo alituletea gunia la parachichi zilizoanza kuharibika, na mbegu zake bado tunazitumia.

Wazazi huniuliza wanunue nini. Chati ya ukutani haina ubaya, lakini haina haraka. Mtoto apange sahani za chakula cha jioni na aseme mwenyewe kama zinatosha watu. Agawe ndizi kwenye chana moja kwa wenzake mpaka ziishe, ibaki moja, wagombane juu ya hiyo moja. Alete kuni tano, asilete nyingi. Na akisema "nne", usimuulize tu kama ana uhakika, mwambie azungushie mkono.

Baada ya kumi kuna kona nyingine. Mtoto akiandika kumi na tatu, anaweka 10 halafu 3: 103. Amefuata sikio lake, kumi halafu tatu, na kwa sikio yuko sahihi. Kwa hiyo tunaleta vipande viwili vya trei, kimoja kimejaa, kingine kina tatu. Juu ya kilichojaa naweka kadi ya 10, na kadi ya 3 naiweka ifunike ile sufuri. Wananyanyua kadi kuchungulia kama sufuri bado ipo chini. Ipo. Wanafunika tena. Wengine hunyanyua mara nyingi sana kabla ya kuridhika, nami nawaacha.

Kwa darasa zima hiyo inataka trei nyingi, na mvua za Rungwe zinazilainisha haraka. Mama muuza mayai wa pale stendi alikuwa ananipa za kwake bure. Ameshagundua zina kazi, siku hizi ananiuzia.